Kuyumba kwenye mawe ya lava: dalili, vyanzo na dawa zake

Trayali ni mchezo wa pikipiki usiojali nani amefika kwanza. Unapewa kipande cha njia chenye mawe, magogo na miinuko, unakipita polepole ukiwa umesimama juu ya vikanyagio, na mwamuzi anahesabu miguu yako. Ukigusa chini mara moja unaandikiwa alama 1, mara mbili 2, mara tatu au zaidi 3, na ukishindwa kukimaliza unaandikiwa 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Mhispania Toni Bou alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2007 na akautwaa kila mwaka hadi 2024. Ukimtazama akiwa juu ya jiwe kubwa, angalia mikono yake: imelegea.

Hilo la mikono ndilo ninalotaka vijana wa Goma walishike, kwa sababu malalamiko mengi ninayoyasikia yanaanzia hapo. Uwanja tunao. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ile ya 22 Mei 2021 ilisimama ukingoni mwa mji upande wa Buhene, na njia nyingi za mitaani mpaka leo ni mawe matupu. Tunachokosa ni pikipiki zenyewe za trayali. Zile zina uzito wa kilo 70 hivi, hazina kiti cha kukalia, vikanyagio vyake vimewekwa chini na nyuma, na usukani wake unageuka sana. Wengi wetu tunajifunzia kwenye pikipiki ya kawaida ya cc 125 au 150, yenye zaidi ya kilo 100. Mbinu hazibadiliki, ila mashine nzito haisamehi.

Kabla ya kutafuta kosa mwilini, kagua vitu vinne: upepo wa tairi, ulegevu wa waya wa klachi, mkazo wa cheni, na usukani kama unageuka laini kutoka upande hadi upande. Ni kazi ya dakika chache, na inakuondolea shaka. Kisha vaa kofia ngumu, glavu, suruali nzito na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Lava iliyopoa inakata ngozi hata ukianguka pikipiki ikiwa imesimama.

"Nikienda polepole pikipiki inaniangusha upande mmoja"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa karibu kila anayeanza.

Chanzo kinachoongoza ni macho. Anayetazama tairi ya mbele anaona jiwe likiwa tayari limefika, kisha anashtuka na kuvuta usukani. Tazama mita tano au sita mbele, mahali unapotaka kupita. Jiwe la karibu uliliona zamani, mwili wako unalijua. Mtazame kijana wa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, anayeteremka kutoka Kibati na mzigo wa viazi: goti moja liko kwenye ubao, mguu wa pili uko tayari, na macho yake yako mbali barabarani. Tairi yake haitazami kabisa.

Chanzo cha pili ni kukaa. Ukiwa umekaa, wewe na pikipiki ni mzigo mmoja, ikiinama nawe unainama. Ukisimama, pikipiki inaweza kulala kushoto huku kiuno chako kikibaki palepale. Simama na vikanyagio vikiwa chini ya katikati ya wayo, magoti yamekunjwa kidogo, kiuno kimerudi nyuma kiasi, kidevu karibu juu ya usukani. Halafu fanya jaribio: ukiwa unatembea polepole, fungua vidole vyote isipokuwa kile cha klachi na cha breki, viganja viguse mipini tu. Ukihisi unaanguka mbele au nyuma, ulikuwa unaning'inia kwenye usukani. Sogeza kiuno mpaka miguu ibebe uzito wote. Zoezi hili lirudie kila siku ya mazoezi hata ukishakuwa mzoefu, maana mikono hukaza tena yenyewe unapochoka au unapoogopa.

Chanzo cha tatu ni kukaza magoti kwenye tanki. Barabarani kwenye mwendo wa kasi inasaidia. Kwenye mawe inakurudisha kwenye tatizo la kukaa.

Ukishasahihisha hayo na bado inaangukia upande uleule, rudi kwenye mashine. Pandisha tairi ya mbele juu kwa kuweka gogo chini ya injini, kisha geuza usukani kwa kidole kimoja. Ukikwama au "kubofya" katikati, beringi za shingo ya usukani zimeliwa au zimekazwa mno, na pikipiki haiwezi kujisahihisha. Angalia pia alama za pande mbili za mkono wa nyuma, pale unapokazia cheni: upande mmoja ukiwa mbele kuliko wa pili, gurudumu la nyuma limekaa mshazari. La mwisho, na la nadra zaidi, ni foku (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) au fremu iliyopinda baada ya ajali. Simama nyuma ya pikipiki, mtu mwingine aishike wima, utazame kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Kama hayako, usijaribu kunyoosha kwa nyundo na mti. Peleka kwa fundi mwenye vifaa, na usiipande mpaka apime.

"Siwezi kusimama bila kuweka mguu"

Kusimama tuli ni ufundi, na unajengwa kwa hatua. Anza na injini imezimwa, gia ikiwa ya kwanza, tairi ya mbele imeegemea jiwe au ukuta mdogo. Geuza usukani upande mmoja mpaka mwisho, wengi huona kushoto rahisi zaidi. Shika breki ya mbele kwa kidole kimoja, simama, sukuma kwa miguu.

Wengi hushindwa kwa sababu wameweka usukani wima. Ukiwa wima hakuna kinachokusaidia. Ukigeuzwa kushoto, pikipiki ikianza kulalia kushoto unalegeza breki kidogo isogee mbele sentimita chache, na tairi inaingia chini ya uzito. Ikilalia kulia, unairuhusu irudi nyuma kidogo. Baadaye, ukiondoa jiwe na kuwasha injini, kazi hiyo ya kwenda na kurudi inafanywa na klachi, breki na mteremko mdogo sana wa ardhi.

Sababu nyingine ni kusahau magoti. Unapohisi unaanguka kushoto, toa goti la kulia nje kwa haraka. Mwili mzima usihame, ni goti na kiuno tu. Usifanye zoezi hili zaidi ya dakika kumi mfululizo. Miguu ikichoka unaanza kujifunza makosa.

"Nikiachia klachi inaruka mbele"

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu klachi ndiyo moyo wa mchezo huu. Kwa kasi ya mtu anayetembea, resi haisaidii kitu kuamua mwendo. Resi inabaki karibu palepale, na kidole cha klachi ndicho kinachoongeza na kupunguza nguvu inayofika gurudumuni.

Kwanza kabisa, hesabu vidole. Ukishika klachi kwa vidole vinne, mpini wa usukani unashikwa na kiganja peke yake, na pikipiki ikiruka kiganja kinafunguka na klachi inaachiwa yote. Tumia kidole kimoja, au viwili kama waya wa pikipiki yako ni mgumu. Vinavyobaki vishike mpini.

Pili, mkono wa kulia. Pikipiki inaporuka mbele, mwili unabaki nyuma, kifundo cha mkono kinashuka, na resi inaongezeka bila wewe kutaka. Kwa hiyo inaruka tena, na tena. Dawa ni kushika mpini ukiwa na kifundo cha mkono kimeshuka kidogo tangu mwanzo, na kidole kimoja daima juu ya breki ya mbele.

Tatu, hujui sehemu ya kushikia ya klachi ilipo, yaani pale inapoanza kuvuta. Nenda mahali tambarare, weka gia ya kwanza, ongeza resi kidogo tu na usiiguse tena. Achia klachi mpaka pikipiki ianze kutaka kwenda, kisha irudishe kabla haijasogea. Rudia mpaka kidole kijue mahali hapo bila wewe kufikiri. Baada ya hapo ifanye isogee urefu wa kiganja na kusimama, tena na tena, ukiwa umesimama juu ya vikanyagio.

Kama mwili uko sawa na bado inaruka, angalia waya. Mwishoni mwa wenzo wa klachi panatakiwa pawe na ulegevu wa sentimita moja hadi mbili. Waya ukiwa mkavu au umeanza kuchanika nyuzi, utakwama na kuachia ghafla: upake mafuta, na uliochanika ubadilishe siku hiyohiyo. Cheni iliyolegea sana nayo huleta mshtuko kila nguvu inapoingia. Kwenye pikipiki nyingi za 125 ichezee sentimita mbili hadi tatu katikati, lakini fuata kipimo kilichobandikwa kwenye pikipiki yako.

Halafu kuna oili. Pikipiki nyingi tunazoziendesha klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini. Ukimimina oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, sahani za klachi zinateleza. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2. Ikiwa umeshaweka ya gari, imwage ubadilishe.

Mazoezi ya klachi yanaichosha. Ukisikia harufu ya kuungua, au sehemu ya kushikia ikihamia mwisho kabisa wa wenzo, simama, zima, iache ipoe kabisa. Ikiwa baada ya kupoa injini inalia kwa nguvu na pikipiki haiendi, sahani zimekwisha. Kazi ya kufungua upande wa klachi mpe fundi, usiifungulie juu ya changarawe.

"Tairi ya mbele inateleza kwenye mawe"

Karibu kila mara mwendeshaji ameshika breki ya mbele huku usukani umegeuzwa. Kwenye lava laini yenye vumbi jeusi juu yake, au iliyolowa, hiyo ni kuanguka kwa hakika. Funga breki kabla ya jiwe, iachie unapolifikia. Ikibidi kupunguza mwendo katikati, tumia ya nyuma, taratibu.

Kinachofuata ni mikono migumu. Tairi ikigonga jiwe inataka kupotoka kidogo na kurudi. Ukiikaza inakataa kurudi, nawe unaenda nayo. Ilegeze, iache icheze chini yako.

Kisha upepo. Pikipiki halisi ya trayali huendeshwa na upepo mdogo sana, kama bari 0.3 hadi 0.45, kwa sababu tairi zake zimetengenezwa kwa hilo. Usiige kwenye 125 yenye tyubu. Jiwe litabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa mara mbili, au tairi itazunguka juu ya rimu na kung'oa valvu. Mimi hupunguza kidogo tu chini ya kipimo cha kiwandani, na sishuki chini ya bari 1.2. Beba pampu, na urudishe upepo kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi yenye upepo mdogo barabarani, na abiria nyuma, ni hatari.

Pitisha mkono pembeni mwa tairi baada ya kila mazoezi. Lava huchana ubavu kabla haijala meno ya juu. Ukiona nyuzi, tairi hiyo imekwisha, hata kama meno yake bado ni marefu. Na ukiona oili imelowesha bomba za foku, sili zimepasuka na oili inaweza kushuka kwenye breki. Hapo usiendelee siku hiyo.

"Nikipanda jiwe, gurudumu la nyuma linazunguka tu"

Resi nyingi mno. Aliyekwama huongeza, gurudumu linasaga jiwe na kulilainisha, na nafasi inayofuata inakuwa mbaya zaidi. Punguza resi, jaribu gia ya pili badala ya ya kwanza: nguvu inafika kwa upole na tairi inapata muda wa kushika.

Sababu nyingine ni uzito kukaa mbele. Tairi ya mbele inapopanda, kunja magoti na uiruhusu ije kwako. Ikishakuwa juu, sogea mbele kidogo na upunguze nguvu sawasawa na wakati gurudumu la nyuma linapogonga ukingo, magoti yakiwa laini lipande lenyewe. Fika kwenye jiwe ukiwa umenyooka. Ukilijia mshazari, tairi ya mbele inapanda na ya nyuma inateleza pembeni. Anza na jiwe lisilozidi urefu wa kiganja, na usihamie kubwa zaidi mpaka unaweza kulipita bila kufikiri.

"Kona kali inanizidi"

Ukigeuka polepole sana, ilaze pikipiki ndani ya kona na wewe ubaki nje: kanyaga kikanyagio cha nje, nyoosha mkono wa nje, geuza kichwa utazame njia ya kutokea. Wengi hufanya kinyume chake, wanainama pamoja na pikipiki kama wako barabarani, na kwa mwendo huo mdogo hakuna cha kuwazuia wasianguke. Breki ya nyuma ikiguswa kidogo tu, huku klachi ikivuta, huituliza.

"Injini inazima nikipunguza mwendo"

Mara nyingi ni resi ya chini kuwekwa chini kupita kiasi. Iongeze kidogo kwa skrubu yake, injini ikiwa imepata moto. Kisha plagi chafu, chujio la hewa lililojaa vumbi la lava (kwetu hujaa haraka, litazame kila wiki), na mafuta yenye maji yaliyonunuliwa kwenye madumu ya barabarani. Mwaga kidogo chini ya kabureta kwenye chupa inayoonyesha: maji hukaa chini.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na pikipiki yenye kabureta iliyopimwa kwa ukanda wa chini huvuta mafuta mengi kuliko hewa. Dalili yake ni plagi nyeusi yenye masizi na moshi mweusi. Kubadilisha jeti (kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta) ni kazi ya fundi anayezijua namba zake.

Kuna chanzo kimoja cha nadra ambacho lazima ukijue, kwa sababu hakihusu pikipiki. Upande wa Bulengo, Mugunga na Lac Vert kuna mazuku: kaboni dayoksidi inayotoka ardhini na kutulia kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku na asubuhi kabla ya upepo. Haionekani, na ni nzito kuliko hewa. Inaua watu na mifugo. Injini nayo hukosa pumzi kama mtu. Ikiwa umeingia bondeni asubuhi, injini inakohoa na kuzima bila sababu, au kichwa kinauma ghafla na pumzi zinakwenda mbio, iache pikipiki. Usiiname kuiwasha, usichutame. Panda juu mara moja. Ukimwona mwenzako ameanguka shimoni, usimfuate kichwakichwa, maana wengi hufa kwa namna hiyo: piga kelele, tafuta kamba na wenyeji wanaopajua. Mazoezi yafanyieni mahali pa juu palipo wazi.

Na kwenye uwanja wowote wa mawe, ukiona chuma usichokijua kimejificha kati ya lava, huenda ni bomu: usikiguse wala usikigonge na tairi. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama kwa mbali, wajulishe wakubwa wa mtaa.

"Mikono inakufa ganzi, mapaja yanatetemeka"

Mapaja kutetemeka ni kawaida ya wiki za kwanza, pumzika na uendelee. Mikono kufa ganzi inaonyesha unaning'inia, rudi kwenye jaribio la vidole. Kama umelifanya na bado, wenzo za klachi na breki zimeinuliwa mno: zishushe mpaka, ukiwa umesimama, mkono kuanzia kiwiko hadi vidole uwe mstari ulionyooka. Usukani ulio chini sana unaweza kuinuliwa kwa kuuzungusha kidogo kwenye vishikio vyake, ila hakikisha nyaya hazivutiki unapougeuza mpaka mwisho. Ganzi inayobaki usiku kucha, au vidole vinavyokosa nguvu ya kushika kikombe, ipeleke kwa daktari.

Ukianguka

Zima injini kwanza, maana petroli inaweza kuwa inamwagika. Kabla ya kupanda tena, zungusha usukani, bonyeza breki zote mbili, tazama kama wenzo haujapasuka na kama fremu haina ufa karibu na shingo na kwenye viungio vya vikanyagio. Ufa hata ukiwa mwembamba kama unywele unamaanisha kuisukuma mpaka garaji. Uchomeleaji wa shingo ya fremu usimpe mtu wa kubahatisha.

Mwenzako akianguka na kulalamika shingo au mgongo, asiinuliwe kwa kuvutwa mikono wala kupakiwa kati ya watu wawili kwenye pikipiki. Kofia isivuliwe kwa nguvu, ila kama hapumui. Mwacheni alale alivyo, mmoja amshikilie kichwa kisisogee, mwingine atafute gari na ubao wa kumlaza. Aliyegonga kichwa hata kama amesimama na kucheka haendeshi tena siku hiyo, wala halali peke yake usiku huo. Akitapika, akipotewa na maneno, akisinzia bila mpangilio, au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe hospitali usiku uleule.